Mwaka Baba Aliohamia Dongobesh

Mama Gidamis tulimzika kwao Mogitu, mahali ambapo mlima Hanang unaonekana mzima kuanzia chini mpaka juu, na Baba alisisitiza kwamba lazima afike. Nilimwambia kwenye simu kwamba mimi nafanya kazi Katesh, Mogitu kwangu ni karibu, nitaiwakilisha familia, yeye apumzishe miguu yake. Akasema, "Martina, yule si mtu wa kuwakilishwa." Basi nikapanda na gari mpaka Maretadu, nikalala nyumbani, na asubuhi nikamkuta Baba ameshakaa kiti cha mbele, koti la suti limefungwa vifungo vyote, kofia magotini, ananisubiri mimi niliyedhani nimewahi. Tulipofika msibani, vijana wa ukoo wa marehemu, Wabarabaig waliojifunga mashuka yao na fimbo mkononi, walikuja kutupokea. "Shikamoo mzee," mmoja akasema. "Karibu. Wewe ni nani kwa marehemu?" Nilitegemea Baba aseme ni jirani, au rafiki wa zamani. Akajibu, "Mimi ni mpangaji wake." Vijana wakatazamana. Mama Gidamis alikuwa ameiacha nyumba yake ya Dongobesh na kurudi kwa ndugu zake miaka mingi iliyopita, na mzee huyu wa Kiiraqw mwenye mvi tupu hakufanana hata kidogo na mtu wa kupanga chumba. Baba hakueleza zaidi. Alikwenda akakaa na wazee wenzake kwenye benchi, na mimi nikabaki nimesimama kando ya gari, nimejaa kumbukumbu za mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kidato cha nne. Mwaka uliotangulia, wakati wa mavuno, mkokoteni wa ng'ombe uliobeba mahindi ulipinduka kwenye mteremko tukitoka shambani, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia. Paja langu la kulia lilivunjika vibaya. Nililala hospitali mpaka nikajua majina ya wauguzi na ya watoto wao, na niliporudi nyumbani nilirudi na magongo mawili na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Daktari alisema nitatembea vizuri mbele ya safari, ila kwa mwaka mzima nisibebe kitu kizito wala nisiende mwendo mrefu. Shule yangu ilikuwa ya kutwa, kule Dongobesh. Sisi tuliotoka vijiji vya mbali tulipanga vyumba, wasichana wawili watatu pamoja. Tulichota maji wenyewe, tulipika, tulifua, na mwisho wa juma tulirudi nyumbani kuchukua unga na maharage. Ni maisha ya mtu mwenye miguu miwili. Msichana niliyekuwa nakaa naye alikwishapata wenzake wengine, na hakuna aliyejua mimi nitakaa na nani.

Kikao cha kuamua mambo yangu kilifanyika sebuleni kwetu Maretadu, shule zikiwa zinakaribia kufunguliwa. Mimi nilikuwa kitandani chumba cha pili, na kwa kuwa mlango wetu haukuwa na komeo la maana, nilisikia kila kitu. Baba mkubwa, kaka yake Baba, ndiye aliyeanza. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kufunga mikutano. "Mtoto amepona, tumshukuru Mungu," alisema. "Kusoma amesoma vya kutosha. Akae hapa amsaidie mama yake na hiki kichanga. Mtu wa kumhudumia huko Dongobesh atatoka wapi?" Mama alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mdogo wangu wa mwisho. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kuhama na mtoto mchanga huku amewaacha wadogo wengine. Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe cha chai, kikazunguka muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Ndipo Baba aliposema, "Nitakwenda mimi."

"Wewe uende wapi?" Baba mkubwa akauliza.

"Dongobesh. Nikakae na Martina."

"Ukafanye nini?"

"Nipike."

Baba mkubwa alicheka. Alicheka kwa moyo wote, halafu akangoja wengine wacheke naye, wasicheke. "Bura," akasema, "wewe hujawahi hata kuchemsha maji." Baba akajibu, "Nitajifunza." Alilitamka neno hilo kama mtu anayesema atanunua kiberiti akipita dukani. Leo, nikiwa mtu mzima niliyekwishazunguka vijiji vingi kwa kazi yangu ya mifugo, nimewaona wanaume wakiacha nyumba zao kwa sababu za kila aina: machimbo, biashara ya vitunguu, mwanamke wa mji mwingine. Sijawahi kumwona wa pili aliyefunga kigodoro kwenye baiskeli akaacha ng'ombe wake na heshima yake kijijini ili akampikie binti yake ugali.

Chumba alichokipata kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Gidamis, mjane wa Kibarabaig aliyeolewa na mfanyabiashara wa pale Dongobesh, na mumewe alipofariki akabaki na nyumba na ng'ombe wawili wa maziwa. Alikuwa mwanamke mrefu, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, na Kiswahili chake kilikuwa na namna ya kukanyaga maneno kwa nguvu, kama vile kila neno lina deni naye. Kwetu nyumbani nilikuwa nimekua nikisikia maneno mengi kuhusu Wabarabaig, watu wa kule chini tambarare, na machache kati yake yalikuwa mazuri. Baba alimwamkia kama anavyomwamkia mke wa mchungaji. Chumba kilikuwa cha matofali mabichi, sakafu ya udongo, dirisha moja la mbao lililofunguka upande wa zizi. Baba alikigawa kwa khanga ya Mama: upande wa ndani kitanda changu na meza ya vitabu, upande wa mlangoni kigodoro chake, sufuria na jiko la mkaa. Ukuta uliotutenganisha na jikoni kwa Mama Gidamis haukufika kwenye bati. Kwa juu palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha moshi, harufu, na kila neno lililosemwa upande huu au ule.

Kupitia nafasi hiyo ndipo Baba alipojifunzia kupika. Ugali wake wa kwanza ulikuwa mbichi katikati na umeungua chini. Tuliula kimya, yeye akitafuna kwa bidii ya mtu anayetaka kuonyesha mfano. Siku ya pili, akiwa amepiga magoti mbele ya jiko na mwiko mkononi, sauti ilitoka juu ya ukuta: "Baba Martina! Bado! Maji hayajachemka, nasikia!" Baba akasimamisha mwiko hewani. "Unasikiaje?" akauliza. "Yakichemka yanaongea. Ngoja." Akangoja. Baadaye kidogo: "Haya, weka unga. Usiweke wote! Koroga. Kwa nguvu, wewe si umelima?" Mimi nilikuwa nyuma ya khanga nimejiziba mdomo kwa sweta. Ikawa desturi. Mama Gidamis alijua kwa sauti ya mwiko kama ugali umeiva, kwa harufu kama vitunguu vinaungua, na alipiga kelele zake bila kuacha kazi yake mwenyewe. Kufika mwezi wa tatu Baba alikuwa anapika kande laini kuliko za Mama, jambo ambalo alinionya nisilitamke Maretadu. Mnafu aliuchambua jani kwa jani. Maharage aliyaloweka tangu asubuhi. Jioni, kabla giza halijaingia, Mama Gidamis alipitisha kibuyu cha maziwa ya mgando mlangoni, na Baba akampa sahani iliyofunikwa, wasiseme mengi.

Shule haikuwa mbali kwa mtu mzima wa afya, lakini kwangu ilikuwa safari. Baba alifunga gunia lililojazwa majani makavu kwenye keria ya baiskeli, na ubavuni akafunga ubao wa kulazia mguu wangu uliovunjika usining'inie. Hakupanda, alitembea kando, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine mgongoni kwangu, magongo yangu ameyavaa begani kama mwindaji. Dongobesh ina baridi ya asubuhi inayoingia mpaka kwenye meno, na masika yakianza ule udongo mwekundu unashika tairi lisizunguke. Alivua viatu akavitundika shingoni, akasukuma. Wanafunzi wenzangu walitupita, wavulana wakasema "Shikamoo mzee," na yeye akaitikia kila mmoja, "Marahaba, marahaba," bila kukosa pumzi. Alinishusha getini, akanipa magongo, akaniweka sawa kola ya shati. Halafu akaenda kutafuta kibarua. Aliyekuwa na jozi ya ng'ombe wa kulimia na nafasi ya mbele kanisani sasa alikuwa akifyatua matofali na kuchimba misingi ya nyumba za watu wengine, na saa za kutoka shule alikuwa ameshasimama getini, matope yamemkaukia mikononi.

Watu walisema, bila shaka. Mashineni, ambako wanawake walipanga foleni na madebe ya mahindi, Baba alisimama kati yao na debe lake. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha duka la jirani siku moja nikimsubiri, na wanawake wawili walikuwa wakiongea bila kujua mimi ni nani. "Yule mzee amefiwa na mke?" mmoja aliuliza. "Hapana, mke yupo Maretadu." "Basi wameachana." "Hawajaachana, kila Jumapili anakwenda." Yule wa kwanza akafikiri. "Basi amelishwa kitu," akasema, na mwenzake akakubali kwamba maelezo mengine hakuna. Siku za mnada ilikuwa vibaya zaidi, maana wanaume wa kijijini kwetu walikuja na ng'ombe wao, wakamkuta akiwa amebeba matofali au ndoo ya maji. Wengine walimtania. Wengine waligeuza nyuso, na hao ndio walioniuma. Baba aliwasalimu wote kwa Kiiraqw, kwa majina, akawauliza habari za nyumbani na kama mvua imenyesha, kisha akaendelea na ndoo yake. Sikuwahi kumwona akiharakisha kona ili asionekane. Nilikuwa na umri wa kuona aibu kwa kila kitu, na nilijifunza kuiacha aibu kwa kumtazama yeye akipita katikati ya mnada na ndoo.

Chumbani tulikuwa na maongezi ambayo nyumbani nisingeweza kuyapata hata kwa miaka kumi. Nyumbani Baba alikuwa mtu wa kuingia na kutoka: ng'ombe, shamba, kikao. Pale alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo, na mimi nikisoma kwa sauti kwa sababu yeye alitaka kusikia. Jiografia aliipenda. Historia ilimchosha. Siku niliyosoma kwamba moyo wa binadamu una vyumba vinne, aliinua kichwa. "Vinne?" akauliza. "Vinne, Baba." Akakitazama kile chumba chetu, jiko, khanga, kigodoro, ndoo. "Na sisi wawili tuna kimoja," akasema, na tukacheka mpaka Mama Gidamis akauliza juu ya ukuta kuna nini. Hata mambo ya kike hayakumshinda. Mara ya kwanza nilipokwama nikabaki kitandani sitaki kwenda shule wala kusema kwa nini, hakuuliza mara mbili. Alitoka, nikamsikia akiongea taratibu upande wa pili, na Mama Gidamis akaja na alichotakiwa kuja nacho na chai ya tangawizi. Baba alirudi akiwa amejifanya alikwenda kuangalia tairi.

Na kulikuwa na kamba. Aliifunga kutoka kwenye nguzo ya mlango wetu mpaka kwenye nguzo ya zizi, urefu wa kiuno changu, na kila tukirudi shule alinitoa nje. "Acha gongo moja," alisema wiki za kwanza. Baadaye, "Acha yote, shika kamba." Nilikwenda nikiishika, nikageuka, nikarudi. Yeye alikaa kwenye kigoda akimenya viazi, hakunitazama, au alijifanya hanitazami. Nilipoanguka alingoja. Hiyo ndiyo sehemu ninayoishangaa zaidi kadiri ninavyozeeka: mtu aliyenisukuma kwenye matope kila asubuhi nisije nikaloa, alikuwa na uwezo wa kukaa na kiazi mkononi akingoja mtoto wake ainuke mwenyewe. Ng'ombe wa Mama Gidamis walinikodolea macho kutoka zizini kama watazamaji wa mpira.

Mvua za masika zilipokolea, Baba mkubwa alikuja. Nilikuwa upande wa Mama Gidamis nimekaa jikoni na kikombe cha maziwa, na kwa hiyo safari hii ni mimi niliyesikiliza kupitia juu ya ukuta, na mwenye nyumba akisikiliza pamoja nami bila kuona haya, mwiko wake ameuinua. "Dume lako la kulimia limekufa," Baba mkubwa alisema hata kabla ya kukaa. "Limelala jana asubuhi halikuinuka. Mkeo analima kwa jembe la mkono na mtoto mgongoni. Na wewe, Bura, uko hapa unasonga ugali." Nilimjua yule ng'ombe; Baba alimkuza tangu ndama. Nilijiandaa kusikia kigodoro kikifungwa. Sikumlaumu hata kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni namna nitakavyosema kwamba nimechoka shule.

"Mama Martina amesema nirudi?" Baba aliuliza mwishowe.

"Hali si unaiona mwenyewe?"

"Nauliza, amesema nirudi?"

Baba mkubwa alikohoa. "Hajasema."

"Amesema nini?"

"Amesema..." Nikasikia mfuko wa plastiki ukiwekwa chini. "Amesema nikuletee hizi mboga. Uzipike leo, zisilale."

Mama Gidamis alinipiga begani kwa furaha, maziwa yakamwagika. Baba alizipika zile mboga papo hapo, akasonga ugali, akamnawisha kaka yake mikono kwa maji ya moto kama inavyotakiwa. Niliporudi chumbani nikawaamkia na kukaa nao, Baba mkubwa alikuwa ameshakula sahani ya kwanza na anaelekea ya pili. Hakuzungumza tena habari ya kurudi. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akaitazama kamba, akanitazama mimi, akasema, "Chumvi imezidi," akaenda zake. Juma lililofuata alipeleka ng'ombe wake mwenyewe kumalizia kipande cha juu cha shamba letu kilichokuwa kimebaki.

Mwezi wa kumi, mitihani ya taifa ilipoanza, nilikuwa natumia gongo moja tu, lakini Baba alikataa kuniachia njia. "Mguu usichoke kabla ya kichwa," alisema. Alikuwa na homa kwa siku kadhaa na aliificha kwa kuamka mapema kuliko kawaida. Asubuhi ya karatasi ya Jiografia, hatujafika hata mbali na nyumbani, nilihisi mkono wake mgongoni kwangu ukiwa wa moto kupita sweta. Kisha baiskeli ikaanza kulala. Nilishika ua wa mtu nikajishusha, na nilipogeuka Baba alikuwa amekaa chini barabarani, miguu mbele, kama mtoto. "Nimeteleza tu," akasema, na meno yake yakigongana. Nikaita jina la Mama Gidamis kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja mbio, bangili zinalia, khanga imefungwa vibaya, akamwinamia Baba na kumshika paji la uso.

"Martina," Baba akasema. "Saa ngapi?"

"Sijui, Baba."

"Nenda."

"Siwezi kukuacha hapa."

Mama Gidamis aligeuka akanitazama kwa macho makali. "Na mimi ni nani? Mimi ni ukuta?" akasema. "Nenda! Yeye amepika mwaka mzima kwa ajili ya leo."

Nilikwenda. Nilikwenda na gongo moja, nikipanda ule mwinuko ambao mwaka mzima nilikuwa nauona kutoka juu ya gunia la majani, na nikagundua una mawe ambayo sikuwahi kuyajua, na bonde dogo katikati ambalo Baba alikuwa akilizunguka kimya kimya ili nisirushwe. Paja liliniwaka. Nililia, lakini sikusimama ili kulia. Nililia huku nikitembea. Nilipofika mlangoni mwa chumba cha mtihani, wenzangu walikuwa wameshainamisha vichwa. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, alitazama saa yake, akalitazama gongo langu na vumbi lililofika magotini, akanionyesha kiti changu kwa kidole. Niliandika. Namshukuru Mungu kwamba niliandika, maana hata sasa siwezi kueleza kichwa changu kilitulia vipi.

Nilimkuta Baba kituo cha afya, amelala kwenye kitanda cha chuma, dripu imening'inia, Mama Gidamis amekaa kwenye benchi kando yake amekunja mikono kama askari. Baba alifumbua macho. Nilidhani ataniuliza mtihani ulikuwaje. "Umekula?" akauliza. Nikasema sijala. Akamgeukia Mama Gidamis: "Mtoto hajala." Kisha akafikiri jambo lingine. "Umekuja na nani?"

"Mwenyewe."

"Kwa baiskeli ya nani?"

"Kwa miguu, Baba. Kwenda shule na kuja hapa."

Alinitazama kwa muda, kisha akageuzia uso ukutani, na nikaona bega lake likitikisika chini ya blanketi. Mama Gidamis alinishika mkono akanitoa nje, akasema chai ipo kwa muuzaji getini, twende, tumwache mwanaume apumue. Mitihani iliyobaki nilikwenda mwenyewe. Asubuhi nilimkorogea uji, mchana nikarudi kumpikia, naye akiwa amelala pale kwenye kigodoro akanipigia kelele kwamba maji bado hayajachemka.

Nilifaulu. Nilikwenda kidato cha tano, kisha chuo, na serikali ikanipeleka Hanang kuwa afisa mifugo. Nachechemea kidogo, hasa wakati wa baridi, na wafugaji wa tambarare wananijua kwa mwendo wangu kabla sijafika bomani. Nimevuka mito, nimelala kwenye maboma, nimechanja ng'ombe wa watu ambao mwanzoni hawakutaka mwanamke awaguse ng'ombe wao. Watu huniuliza ujasiri huo nimeutoa wapi, na mimi huwaambia nilifundishwa na mpishi.

Siku ya mazishi tulirudi kwa njia ya Dongobesh. Pale mjini nilipunguza mwendo. Ile nyumba imebomolewa na mahali pake pana duka la vifaa vya ujenzi. Baba alipatazama bila huzuni. Kwetu si kawaida mtoto kumwambia baba yake asante kwa kumlea. Ni kama kulishukuru jua. Lakini nilikuwa nimetoka kusikia watu wakimshukuru Mama Gidamis kwa maneno mazuri ambayo yeye hakuyasikia, na nikaona siwezi kungoja zamu kama hiyo. "Baba," nikasema, "sijawahi kukushukuru kwa ule mwaka."

"Mwaka upi?"

"Unaujua. Uliacha kila kitu. Watu walikucheka. Ulibeba matofali. Nakushukuru, Baba. Nilivyo leo, ni wewe."

Aliitoa kofia magotini, akaigeuza, akairudisha. "Wote walinionea huruma mwaka ule," akasema. "Hata wewe, nilikuwa nakuona. Mimi nilikuwa na raha."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Raha ya nini, Baba?"

"Nimezaa watoto wengi, Martina. Nimewalisha, nimewapeleka shule. Natoka asubuhi na ng'ombe, narudi wamelala. Wamekuwa watu wazima, wananiamkia, naitikia. Lakini wewe nimeishi na wewe. Najua unavyocheka ukidhani hakuna anayesikia. Najua somo linalokukasirisha." Akatazama dirishani, mashamba ya mahindi yakipita. "Ule mguu sikuuomba, na ningekuwa na uwezo ningeuvunja wa kwangu. Lakini ule mwaka, ningepewa tena, ningeuchukua."

Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaendesha, na Baba, baada ya kusema maneno mengi kuliko kawaida yake ya mwezi mzima, akalala usingizi kinywa wazi mpaka Maretadu.

Mama alikuwa ametuwekea meza, wajukuu wamejaa sebuleni kwa sababu ilikuwa likizo. Alitupokea, akauliza habari za mazishi, akayatazama macho yangu mekundu. "Mlikuwa mnaongea nini njiani?" akauliza.

"Mambo ya Dongobesh," Baba akasema.

Mama akaweka bakuli mezani kwa kishindo kidogo. "Dongobesh, Dongobesh. Kila siku nasikia Baba alipika, Baba alisukuma baiskeli. Na shamba lililowalisha huko alilima nani? Tena kwa jembe la mkono?"

Baba alishika mikono ya kiti, akajiinua polepole mpaka akasimama wima, koti lake bado limefungwa vifungo vyote.

"Wewe," akasema.

"Sema wakusikie."

Baba akawageukia wajukuu, akaongea kwa sauti ile ya kanisani. "Bibi yenu ndiye aliyelima. Shamba lote la chini, kwa mkono, na mtoto mgongoni. Na hakuniita."

Mama alimtazama mpaka aliporidhika, kisha akavuta kiti chake karibu na cha Baba, akaanza kumpakulia.

"Haya," akasema. "Sasa kaa ule."